Mtu wa Kumpima Mulwa

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo nimeanza kuandika mvua. Kila mwaka sokoni Kanyangi watu hubishana mvua ya vuli ilianza lini, na mimi nikitaja siku wananicheka, ingawa sijakosea tangu mwaka ule nilipoizuia mvua ya mawe kwa kofia mpaka mbuzi wote wakaingia zizini. Basi msimu huu nitakuwa na maandishi. Na anayesema Musyimi aliachia shule darasa la saba ajue sikuacha kwa ujinga. Mwalimu ndiye aliishiwa na mambo ya kunifundisha.

Mvua: hakuna. Mawingu upande wa Zombe, yamekuja kutazama yakarudi.

Tumepanda ndengu kwenye vumbi, mimi na Mulwa. Mulwa ni mtoto wa dada yangu Ndila aliyeolewa Mukuyuni. Tangu baba yake afariki amekaa kwangu, tunalima pamoja. Akishika jembe ni kama mimi wa zamani, na mimi wa zamani nilikuwa namaliza ekari mbili kabla ya chai. Siku hizi anajiziba masikio kwa pamba. Nimemuuliza, akasema ni upepo. Hakukuwa na upepo.

Jumatano, 16 Oktoba

Jua tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Mulwa amechoma mizinga ya nyuki ya jirani yetu Mutiso.

Tulikuwa kanisani, Mutiso mwenyewe amekaa benchi la mbele yangu. Moshi ukaonekana dirishani tukiwa katikati ya wimbo. Tulipofika mizinga yote ilikuwa inawaka, moto umeruka kwenye ghala lake, na ndengu za mbegu zinapasuka humo ndani. Mutiso aliingia kuokoa gunia akatoka na mkono umeungua. Mulwa alikuwa amesimama pale pale na kibiriti mkononi. Hakukimbia. Nyuki walikuwa wamemuuma uso wote, hajipangusi.

Nikamuuliza, "Umefanya nini wewe?"

Akasema kwa Kikamba, polepole, "Mjomba, sasa wamenyamaza."

Polisi wakamchukua. Kwetu mzinga wa mtu haushikwi. Zamani mwizi wa asali alikuwa analipa akakoma. Nilikwenda kwa Mutiso jioni na maneno yangu yamepangwa, nikitegemea matusi. Alikuwa amefungwa mkono kwa kitambaa.

"Mwizi wa asali namjua," alisema. "Anakuja kimya, anaondoka na asali. Huyu amekuja mchana na hakuonja hata kidole. Baba Yvonne, huyu mtoto wenu ana nini?"

Nikamwambia hana kitu. Katika ukoo wetu hakuna kichwa kibovu, tangu babu yangu aliyehesabu ng'ombe wake kwa harufu.

Mvua: hakuna.

Jumanne, 22 Oktoba

Kortini, mjini. Ndila amekuja kutoka Mukuyuni, amevaa ile nguo yake ya Chama cha Akina Mama.

Hakimu ni mama wa makamo, sauti ya chini. Mulwa akasomewa mashtaka, yakageuzwa kwa Kikamba, akaulizwa kama ni kweli. Mulwa anajua Kiswahili vizuri, lakini tangu siku ile hasemi ila Kikamba. Akajibu kwamba waulizwe nyuki kwanza, wao ndio walianza. Watu wakacheka nyuma. Hakimu hakucheka. Akasema hatapokea jibu lolote mpaka kijana apimwe akili na mtu anayestahili, na arudishwe rimandi mpaka ripoti ije.

Nje, mzee mmoja aliyekuja na kesi ya mpaka akanivuta kando. "Ombea aonekane mzima," akaniambia. "Akiwa mzima atafungwa, na kifungo kina tarehe. Akionekana mwenda wazimu anawekwa bila tarehe. Binamu yangu aliingia akiwa na nywele nyeusi."

Sikumwambia Ndila hayo. Nilimwambia tu asiwe na wasiwasi, mtu wa kumpima Mulwa ninaye. Mimi najuana na watu mpaka Mombasa Road yote.

Alhamisi, 24 Oktoba

Matone machache alfajiri. Hayakulowesha hata mkia wa mbuzi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimempata Ben. Ben ni mshauri wa vijana na ndoa katika kanisa letu, ana cheti cha semina kimewekwa kwenye kioo sebuleni. Mtu mpole. Nilimpelekea jogoo na nikamwambia, wewe utatusaidia, nenda rimandi umtazame Mulwa uandike kwamba ni mzima.

"Mzee, mimi hupatanisha mabwana na mabibi," alisema. "Korti ni mambo mengine."

"Bibi na bwana wanaogombana ndio wagumu kuliko korti," nikamwambia. "Na andika Daktari Ben. Wewe ni daktari wa roho."

Akasita sana kwenye hilo neno. Nilimsukuma. Mimi nikishika jambo ni kama kupe.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua! Imepiga kuanzia mchana hadi chai ya jioni. Ndengu zitaota. Nimeandika hapa tarehe 2, na yeyote atakayesema ni tarehe 3 aje anione.

Mulwa angekuwa hapa tungekuwa tunafungua mitaro.

Jumanne, 5 Novemba

Leo imekuwa siku mbaya, na nitaiandika fupi.

Ripoti ya Ben ilisomwa. Hakimu akaitazama, akamwita Ben mbele.

"Wewe ni daktari wa nini?"

Ben alikuwa na jasho. "Mheshimiwa, mimi ni mshauri nasaha."

"Umesomea wapi magonjwa ya akili?"

"Sijasomea, Mheshimiwa. Nina semina ya ushauri ya wiki mbili."

"Umewahi kutoa ushahidi kuhusu akili ya mshtakiwa?"

"Hapana."

"Na hili neno Daktari liliingiaje hapa?"

Ben angeweza kunigeukia. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikatazama paa. Akasema, "Nilikosea, Mheshimiwa. Naomba liondolewe."

Hakimu akamwambia akae chini, hakumkaripia. Kisha akaeleza kana kwamba anatueleza sisi wote. Kwamba kuna watu wengi wazuri wanaosaidia wenye shida, lakini korti inataka daktari bingwa wa akili aliyesajiliwa, anayejua ugonjwa na pia anajua korti inauliza nini. Na asiwe yule anayemtibu, kwa sababu anayemtibu yuko upande wa mgonjwa, na huyu hatakiwi kuwa upande wa mtu. Kesi ikasogezwa mbele.

Mulwa akarudishwa rimandi. Alipopita alinusa hewa na kusema, "Imenyesha." Ndila alimjibu ndiyo, imenyesha. Njiani alitangulia mbele yangu.

Nimefikiri sana hilo la kutokuwa upande wa mtu. Mtu wa namna gani huyo? Mimi tangu nizaliwe nimekuwa upande wa mtu fulani.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua nzuri. Ndengu zimeota.

Jumatatu, 11 Novemba

Palizi peke yangu. Mgongo unauma kidogo, ingawa mgongo wangu uliwahi kubeba pikipiki ya mtu kuvuka mto.

Alhamisi, 14 Novemba

Daktari ameteuliwa, Daktari Wakiuru, mtu wa Nyeri, bingwa wa akili. Nilitegemea mzee mwenye miwani. Ni mwanamke mwembamba mwenye viatu vya raba, na anakula karanga kutoka mfukoni kama mtu wa kawaida.

Alikuja rimandi leo kumpima Mulwa, lakini mkalimani wa korti alikuwa hajafika, barabara ilikuwa imekatwa na maji. Daktari alitaka kuahirisha. Nikasimama nikasema ya nini kuahirisha, mimi nipo, Kikamba changu ni cha ndani kabisa, niliwahi kumtafsiria mzungu mkutano mzima mpaka akalia. Na huyu ni mtoto wa dada yangu, namjua kuliko anavyojijua. Daktari akanitazama, akamtazama Mulwa, akasema tujaribu kidogo tuone.

Alianza kwa maneno marefu. Kwamba yeye ni daktari lakini leo hakuja kumtibu. Kwamba ametumwa na korti, na atakayoyasikia ataiandikia korti, kwa hivyo si siri. Kwamba Mulwa akitaka kukataa swali anaweza. Maneno mengi ya kutisha mtu. Mimi nikamwambia Mulwa kwa Kikamba, "Huyu mama ni rafiki, jibu vizuri."

Daktari akauliza, "Umemwambia yote?"

"Yote."

"Mimi nimesema kama dakika nzima, Mzee."

"Kikamba ni lugha ya kubana, Daktari."

Akatafuna karanga moja. Akauliza kama Mulwa analala. Mulwa akasema halali. Mimi nikaeleza kwamba analala kama kawaida ya wakulima, isipokuwa msimu wa kulinda mahindi, na kwamba katika familia yetu hakuna aliyewahi kukosa usingizi. Daktari akasema, "Yeye amesema neno moja." Nikasema neno hilo ni pana.

Hapo ningeacha. Lakini akauliza swali jingine, kwa sauti ya chini. Aliuliza kama Mulwa amewahi kufikiria kujiua.

Nilimtafsiria, hilo nilitafsiri sawasawa. Mulwa akanitazama mimi. Si daktari, mimi. Kisha akatazama sakafu. Kwetu mtoto wa dada hasemi neno kama hilo mbele ya mjomba wake, ni kama kumlaani. Mimi nilijua hilo, na nilijua kwamba angekuwa hana la kusema angesema hapana.

Nikasema, "Anasema hapana."

"Hajafungua mdomo," daktari akasema.

"Namjua."

"Najua unamjua. Ndiyo maana huwezi kazi hii." Hakusema kwa ukali. Akafunga kalamu. "Leo siandiki chochote. Nikiandika yaliyosemwa hapa nitakuwa nimempima Mzee Musyimi."

Nikamwambia akili ya mtu si pikipiki, haitaki fundi, inataka mtu wa nyumbani. Akasema mtu wa nyumbani anatakiwa pia, lakini si kwenye kiti hiki.

Kwa hiyo Mulwa anangoja tena rimandi, na safari hii si kwa sababu ya barabara iliyokatwa. Ndila alikuwa nje kwenye benchi. Nilimweleza kila kitu, hata lile swali. Sijui kwa nini nilimweleza hata lile. Tukaenda mpaka stejini kupanda matatu.

"Alikutazama vipi?" akauliza.

"Kama mtu anayeomba ruhusa."

"Na wewe ukamfungia mlango."

Mvua: kubwa, sijali.

Jumapili, 17 Novemba

Ben alihubiri leo badala ya mchungaji. Baada ya ibada nilimfuata nikamwambia pole kwa lile neno Daktari. Akasema, "Jogoo wako anawika vizuri, Mzee, sijamchinja." Tukacheka. Nilikuwa namwona Ben mtu mlaini. Mtu mlaini hasimami mbele ya hakimu na kusema sijasomea.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimepita kwa Mutiso. Mkono umeanza kupona. Anachonga mizinga mipya kwa mkono mmoja, nikamshikia gogo. Hatukuongea juu ya Mulwa mpaka mwisho. Akasema kwamba amewaambia polisi kile alichoniambia, kuhusu kutoonja asali. "Sikusema ni mgonjwa. Mimi ni mtu wa nyuki. Nimesema tu hakuonja."

Jumanne, 26 Novemba

Mvua. Ndengu zimetoa maua.

Jumatatu, 2 Desemba

Yvonne, binti yangu, amepiga simu kutoka Emali. Nilimwambia vile nilivyopambana na daktari. Akasema, "Baba, ukiumwa jino utaniita mimi nikung'oe kwa sababu nakupenda?" Huyu alisoma sana, na mimi ndiye nililipa karo, kwa hiyo jibu hilo nusu yake ni langu.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo Daktari Wakiuru amempima Mulwa. Mkalimani ni Muthoki, mama wa kutoka Zombe, amekula kiapo. Kikamba chake ni cha huko kwao, kimepinda kidogo, lakini Mulwa si ndugu yake wala si jirani yake, hajui hata babu yake ni nani.

Mimi na Ndila tuliachwa kwenye benchi la nje. Mlango ni wa mbao nyepesi. Niliisikia sauti ya Mulwa. Sikusikia maneno, sauti tu, inakwenda, inakwenda, inasimama, inakwenda tena. Hajasema hivyo nyumbani kwangu tangu mwaka jana. Ndila alikuwa anasuka kiondo, akaacha, akaweka mikono magotini. Sote wawili tulikuwa tunamsikiliza mtoto wetu akiwaambia watu wasio wake.

Mulwa alipotolewa, daktari akatoka akaniita. "Sasa ni zamu yako, Mzee."

"Si nilifukuzwa?"

"Ulifukuzwa ukalimani. Umeishi naye nyumba moja, mimi nimekaa naye asubuhi moja. Nataka uliyoyaona. Uliyoona tu."

Nikakaa. Nikajinyoosha. Nikaanza, "Daktari, asubuhi ile nilisikia kishindo kama cha ndovu aliyevunja..."

"Ulisikia ndovu?"

"Nilisikia sufuria."

"Basi sufuria. Endelea."

Sijawahi kuongea hivyo maishani mwangu. Kila nikiinua neno, analishusha. Nilisema Mulwa aliacha kula wiki nzima. Akauliza nilikuwa nyumbani wiki nzima? Nilikuwa Mukuyuni siku kadhaa. Basi akaandika siku nilizokuwa nyumbani. Nilisema watu wote wa Kanyangi walimwona akiongea peke yake. Akauliza mimi nilimwona? Nilimwona, mara moja, kwenye mchanga wa mto, alikuwa anamkatalia mtu ambaye hayupo.

Mwisho nilikuwa nimebaki na machache. Kwamba baada ya mavuno ya Julai aliacha kula chungu kimoja nami, akisema chakula kinavuma. Kwamba alijiziba masikio. Na kwamba asubuhi hiyo ya sufuria nilitoka nikamkuta amejifunga mguu kwa kamba ya mbuzi kwenye nguzo ya ghala letu. Fundo alilifunga mwenyewe, la kukazwa kwa meno. Sufuria ilikuwa imeanguka alipokuwa anavutana na kamba. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Wakiniita nisiende."

Daktari akauliza, "Ulifanya nini?"

"Nilimfungua tukaenda shamba."

Akaandika. Nilingoja aseme kitu, hata anilaumu. Akasema, "Asante. Hilo ni la maana sana."

Nikamuuliza: je, ni mzima au si mzima? Akasema hiyo ni ya korti, ataisikia hakimu kwanza. Nikamuuliza kama atawekwa bila tarehe. Hapo aliweka kalamu chini. Akasema hawezi kuniahidi kile hakimu ataamua, ila katika ripoti ataeleza matibabu gani yanafaa na lini aangaliwe tena, kwa sababu ugonjwa huu una dawa.

Daktari ana karanga nyingi mfukoni. Alinipa kidogo.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Maganda ya ndengu yameanza kuwa meusi. Mvua imekatika.

Jumanne, 17 Desemba

Kortini.

Kabla ya yote mwendesha mashtaka alimuuliza daktari habari zake, na mimi nilitega masikio kwa sababu hapo ndipo Ben alianguka. Akajibu bila kujisifu. Alisomea udaktari. Akafanya kazi hospitali za kawaida, akarudi kusomea magonjwa ya akili miaka mingine. Amesajiliwa. Kisha akajifunza mambo ya korti chini ya daktari mwingine aliyemtangulia, na ripoti zake za mwanzo zilipitiwa na huyo kabla ya kufika mbele ya hakimu. Hajawahi kumtibu Mulwa wala hatamtibu. Na Kikamba hajui, ndiyo maana alitumia mkalimani aliyeapishwa, na siku alipokosekana alisimamisha kazi. Hakutaja jina langu. Nilitazama paa tena.

Akaeleza Mulwa ni mgonjwa, anasikia sauti zinazomwamuru, na kwa sasa hawezi kufuata kesi wala kumpa wakili maelezo ya kumtetea. Akaeleza kwa nini, na alichosikia kwa Mulwa, na alichosikia kwa familia, kila kimoja mahali pake, hakuchanganya.

Mwendesha mashtaka akauliza, "Kwa hiyo unaiambia korti kwa hakika kwamba siku ya moto hakujua anachofanya?"

"Kwa hakika, hapana," akasema. "Sikuwepo. Naweza kusema alivyo leo. Kuhusu siku ile naweza kusema linalowezekana, na nimeandika sababu. Zaidi ya hapo sijui."

Nilitegemea hakimu akasirike. Masomo yote hayo, halafu sijui. Hakimu aliandika kwa utulivu kama mtu aliyepewa kitu cha kushika. Mimi nimekaa sokoni miaka na miaka, hakuna jambo nililowahi kuulizwa nikasema sijui. Hata bei ya ngamia Somalia niliwahi kutoa.

Uamuzi: Mulwa hataendelea na kesi kwa sasa. Apelekwe hospitali akatibiwe, na madaktari wa huko walete taarifa kortini tarehe 18 Machi. Mutiso alikuwa ndani, amesimama nyuma. Alitikisa kichwa kukubali.

Tarehe ipo. Nimeiandika hapa: 18 Machi.

Ndila alilia, lakini alinishika mkono akilia.

Jumamosi, 11 Januari

Tumevuna. Magunia ni machache, na nitayaacha yawe machache.

Jumamosi, 25 Januari

Nimemtembelea Mulwa hospitalini. Ndila alikuja wiki iliyopita, leo ni mimi. Nilibeba muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, ndani ya chupa ya chai ili usipoe.

Amenenepa usoni, mikono inatetemeka kidogo, ni dawa. Masikio hayana pamba. Alikula polepole. Aliuliza hali ya mkono wa Mutiso, nikamwambia umepona, anachonga mizinga. Akauliza kama Mutiso anahitaji mtu wa kumshikia magogo. Kwa Kiswahili alisema hivyo. Nilikuwa nimesahau sauti yake ya Kiswahili.

Kisha akaniuliza, "Mjomba, wewe unanionaje? Niko mzima?"

Watu wa vitanda vingine walikuwa wanasikiliza. Nilikuwa na jibu kubwa tayari mdomoni, limejaa, lina ndovu ndani yake.

Nikasema, "Sijui, Mulwa. Sina masomo hayo. Naona umekula bakuli lote. Naona umeuliza habari za Mutiso kabla sijamtaja. Naona mikono inatetemeka. Ni hayo ninayoyaona."

Alinitazama kama anatafuta mtu mwingine nyuma yangu. Halafu akacheka, kidogo, cheko lake lile la puani.

"Hujawahi kunijibu fupi hivyo," akasema.

"Ni ugonjwa, utapita."

"Saa ya wageni bado ipo." Akaegemea mto, akavuta blanketi mpaka kifuani. "Basi sasa nidanganye kidogo."

Nikamdanganya mpaka nesi akaja kunitoa.